DHAHABU YETU NA NYOTA ZILIZOLIPUKA

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Kang'ata, Wilaya ya Handeni. Tunayachapa ili na wasomaji wa mahali pengine wafaidike. Yasomeni katika vikundi vyenu, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.)

  

Wiki mbili zilizopita, tulipokwisha somo la hesabu, mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza maswali mawili. La kwanza alisema: "Mwalimu, mjukuu wangu ameniambia kuwa huko juu kuna shimo jeusi linalomeza nyota. Je, siku moja halitatumeza na sisi?" La pili akasema: "Na hii dhahabu ya hapa kwetu, aliipanda nani? Mbona tunaambiwa inahama usiku, mpaka ipewe damu ndipo itulie?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana maswali yale ni makubwa, na majibu yake sikuwa nayo. Nikaomba nipewe muda nikasome. Leo nimerudi. Nami niliona ajabu, kwa sababu maswali yale mawili, shina lake ni moja.

NYOTA NI KAMA TANURI LA MKAA

Tuanze na nyota. Jua letu ni nyota. Nazo zile tunazoziona usiku kama cheche ni majua, mengine makubwa kuliko hili letu, ila yako mbali mno. Mbali kiasi gani? Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kwa mbio hizo, mwanga wa jua hutufikia baada ya dakika nane na kidogo. Lakini nyota iliyo jirani yetu kuliko zote, ukiacha jua, mwanga wake husafiri zaidi ya miaka minne ndipo ufike. Kwa hiyo wataalamu hawapimi safari ya nyota kwa kilomita. Wanapima kwa miaka ambayo mwanga husafiri.

Sasa nyota inawakaje, na inakufaje? Hapa wengi tunajua kuchoma mkaa. Unapanga magogo, unafunika kwa majani, unafukia kwa udongo, kisha unawasha. Udongo ule ni mzito, unataka kushuka chini. Unaouzuia ni magogo yaliyo ndani. Magogo yakipungua kwa moto, tanuri linatitia. Na ole wake anayepita juu ya tanuri wakati huo! Anatumbukia motoni.

Nyota nayo iko hivyo hivyo. Uzito wake wote unavutwa kwenda ndani. Joto la moto wake linasukuma kwenda nje. Maadamu moto upo, nguvu hizi mbili zinalingana, na nyota inasimama. Ila moto wa nyota si wa kuni. Ndani kabisa kuna joto kali hata vipande vidogo vya hewa iitwayo haidrojeni vinashikana na kuwa kitu kingine kizito zaidi, na katika kushikana huko hutoka nguvu nyingi. Nyota kubwa huendelea kupika hivyo: haidrojeni inakuwa heliamu, heliamu inakuwa kaboni, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya mkaa wetu, kisha oksijeni tunayoivuta, na mwisho inafika kwenye chuma.

Chuma ndicho jivu la mwisho. Chuma hakiwaki tena. Moyo wa nyota ukishakuwa chuma, hakuna tena cha kuubeba ule uzito. Tanuri linatitia. Moyo wa nyota kubwa huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja! Sehemu za juu zinarushwa nje kwa kishindo. Mlipuko huo wataalamu wanauita supanova. Kwa siku kadhaa, nyota moja inayolipuka inaweza kung'aa kama mamilioni ya majua.

Mambo haya watu wameyaona kwa macho. Mwaka 1054 Wachina waliandika habari za nyota mpya iliyoonekana hata mchana, siku 23 mfululizo. Na karibu zaidi na sisi, mwezi wa Februari mwaka 1987, nyota moja ililipuka katika anga la kusini. Mwanga wake ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka 160,000. Ilionekana bila darubini kutoka nchi za kusini mwa dunia, na huku kwetu ilikuwa chini chini upande wa kusini. Huenda kuna mzee hapa aliyeiona akitoka nje usiku, asijue alichokiona.

Je, jua letu nalo litalipuka? Hapana. Jua ni dogo, halina uzito wa kutosha. Nalo bado lina kuni za miaka kama milioni 5,000. Kwa hiyo limeni mashamba yenu.

SHIMO JEUSI NI NINI?

Nyota ikishalipuka, kile kiini kilichoporomoka kinabaki. Mara nyingi kinakuwa kitu kiitwacho nyota ya nyutroni. Upana wake ni kama kilomita 20 tu, lakini uzito wake unazidi wa jua. Kijiko kimoja cha chai cha nyota hiyo kingepita tani milioni 100. Likumbukeni jina hili, nyota ya nyutroni, maana tutalirudia tukifika kwenye dhahabu.

Lakini kiini kikiwa kizito zaidi ya hapo, hakuna kitu cha kukizuia. Kinazidi kujikunja, kinazidi kujikunja, mpaka nguvu yake ya kuvuta inakuwa kubwa hata mwanga wenyewe hauwezi kutoka. Kama mwanga hautoki, hatuwezi kukiona. Ndiyo maana kinaitwa shimo jeusi. Si shimo kama la choo au kisima. Ni kitu kizito mno kilichobanwa mahali padogo mno. Ukitaka kuifanya dunia yetu yote kuwa shimo jeusi, na milima yake na bahari zake, ungelazimika kuibana mpaka iwe kama gololi ya mtoto.

Sasa swali la mzee: litatumeza? Mfikirieni mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi. Anazunguka, anazunguka, kamba haimruhusu kwenda mbali. Ukija usiku ukang'oa kigingi cha mti ukaweka cha chuma, mbuzi ataona tofauti? Hataona. Ataendelea kuzunguka vile vile. Na dunia yetu inazunguka jua namna hiyo. Hata kama jua lingegeuka leo kuwa shimo jeusi lenye uzito ule ule, jambo ambalo haliwezekani, dunia isingevutwa ndani. Tungekufa kwa baridi na giza, lakini tungeendelea kuzunguka. Shimo jeusi humeza kile kinacholisogelea sana. Sisi tuko mbali.

Kwa hiyo, babu, lala usingizi.

UTAMJUAJE MTU ASIYEONEKANA?

Kijana mmoja hapo nyuma ananiuliza kwa macho: kama halionekani, mmejuaje kuwa lipo? Swali zuri. Nguruwe mwitu akiingia shambani usiku wa giza, humwoni. Lakini unasikia mahindi yanavunjika, na asubuhi unaona nyayo. Basi shimo jeusi nalo linavunja mahindi.

Kwanza, kama kuna nyota ya kawaida karibu yake, nyota hiyo itaonekana ikizunguka kitu ambacho hakipo machoni. Pili, shimo linainyonya ile nyota. Hewa ya nyota inavutwa, inazunguka kwa kasi, inasuguana, inapata moto. Sugueni viganja vyenu mwone. Sasa zidisheni joto hilo mpaka mamilioni ya nyuzi. Hewa yenye joto hilo hutoa eksirei, zile zile ambazo hospitali hutumia kupiga picha ya mfupa uliovunjika.

Lakini hapo kuna shida. Eksirei kutoka angani hazifiki ardhini. Hewa yetu inazizuia, na ni heri, maana zingetudhuru. Tuko kama mtu aliye ndani ya nyumba ya makuti: akitaka kuona wingu, hana budi atoke nje. Wataalamu walitaka kifaa chao kitoke nje ya hewa. Kilitokea wapi? Msidhani nitasema Marekani. Kilitokea pwani yetu ya Afrika Mashariki.

CHOMBO KILICHOITWA UHURU

Ukitoka hapa ukashika njia ya Korogwe, ukafika Tanga, ukavuka mpaka wa Horohoro, ukapita Mombasa na kuendelea kaskazini, utafika Malindi. Kwa njia ya ndege haifiki kilomita 500. Mbele ya Malindi kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Hapo, katika Ghuba ya Ungwana, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la chuma lenye miguu baharini. Jukwaa hilo lilipewa jina San Marco. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 roketi zilirushwa kutoka hapo.

Kwa nini hapo? Kwa sababu dunia inajizungusha, na mahali inapokimbia zaidi ni kwenye mstari wa ikweta, kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta inapata msukumo wa bure. Ni kama mtu anayeruka kutoka kwenye gari linalokwenda: gari linamwongezea mbio. Na upande wa mashariki ni bahari tupu, kwa hiyo roketi ikianguka haimwangukii mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Kimarekani ilipaa kutoka jukwaa lile ikiwa na satelaiti yenye uzito wa kilo kama 140, yaani kasoro kidogo ya gunia moja na nusu la mahindi. Kiongozi wa mradi alikuwa mhandisi mwanamke wa Marekani, Bibi Marjorie Townsend. Mama zangu, mnasikia? Siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, uliopatikana tarehe hiyo hiyo mwaka 1963. Kwa heshima ya wenyeji, satelaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama eksirei za angani. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na kutokana nayo ikaandikwa orodha ya vitu 339 vinavyotoa eksirei. Kimoja kiko katika kundi la nyota liitwalo Cygnus. Mwezi wa Septemba, usiku wa saa tatu, kundi hilo liko upande wetu wa kaskazini. Kitu hicho kinaitwa Cygnus X-1.

Mwaka 1971 Uhuru iliona kuwa eksirei za kitu hicho zinapepesuka upesi upesi, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kwa nini hilo ni muhimu? Fikirini mkutano wa hadhara usio na kipaza sauti. Mwenyekiti akisema "Nyosheni mikono", waliokaa mbele watanyosha kwanza, na wa nyuma watachelewa. Mkutano mkubwa hauwezi kunyosha mikono yote kufumba na kufumbua. Kitu kikubwa nacho hakiwezi kupepesuka upesi. Basi wakajua kuwa kile kitu ni kidogo mno. Kisha wataalamu wa Uingereza, Louise Webster na Paul Murdin, na Tom Bolton aliyekuwa Kanada, wakaona kuwa hapo pana nyota kubwa inayozunguka kitu kisichoonekana kwa siku tano na nusu hivi. Kitu kidogo, chenye giza, na kizito sana. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinasema uzito wake ni kama wa majua 21.

Hilo ndilo shimo jeusi la kwanza kutambuliwa na binadamu. Na chombo kilichoonyesha njia kiliitwa kwa lugha yetu na kilipaa kutoka bahari yetu. Mtaalamu aliyekuwa mkuu wa uchunguzi ule, Riccardo Giacconi, alipewa Nishani ya Nobel mwaka 2002.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1974 Waingereza walirusha satelaiti yao, Ariel 5, kutoka jukwaa lile lile. Mwaka uliofuata iliona mlipuko mkali wa eksirei, upande wa mashariki wa zile nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, ambazo mwezi wa Januari na Februari huwa utosini jioni. Baadaye ikathibitika kuwa pale nako pana shimo jeusi. Na ule ukanda mweupe kama moshi unaokatiza anga mwezi wa Julai na Agosti, katikati yake, mahali unapokuwa mnene, pana shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni nne. Picha yake ilitangazwa mwaka 2022.

MILIPUKO MIKUBWA KULIKO YOTE

Sasa tuingie kwenye milipuko yenyewe. Mwaka 1967 Wamarekani walikuwa na satelaiti za kulinda. Kazi yake ilikuwa kutazama kama Warusi wanalipua mabomu ya nyuklia kwa siri. Mabomu hayo hutoa miale mikali iitwayo gama. Satelaiti zikaona miale ya gama kweli, lakini haikutoka kwa Warusi. Ilitoka angani! Habari hiyo ikatangazwa mwaka 1973. Ilikuwa mimweko ya ghafla. Mingine ilidumu nusu sekunde, mingine dakika moja au zaidi, kisha kimya. Karibu miaka 30 ilipita bila mtu kujua inatoka karibu au mbali.

Fumbo likafumbuliwa kwa msaada wa Malindi tena. Mwaka 1996 Italia na Uholanzi zilirusha satelaiti iitwayo BeppoSAX. Hiyo ilirushwa kutoka Marekani, lakini kila ilipozunguka dunia ilishusha habari zake katika kituo cha mawasiliano cha Malindi. Tarehe 28 Februari 1997 iliona mmweko wa gama, na safari hii ikaona na makaa yaliyobaki yakifuka eksirei. Darubini za ardhini zikaelekezwa pale pale. Muda si muda ikajulikana kuwa mimweko hii hutoka mbali mno, hata mwanga wake husafiri mamilioni na maelfu ya mamilioni ya miaka. Kitu kilicho mbali hivyo kikionekana kikali hivyo, basi nguvu yake haisemeki. Kwa sekunde chache mlipuko mmoja hutoa nguvu inayolingana na ile ambayo jua letu litatoa katika maisha yake yote, au kuipita.

Satelaiti nyingine, Swift, iliyorushwa mwaka 2004, nayo imekuwa ikishusha habari zake Malindi. Imeona milipuko ya namna hii zaidi ya 1,000. Iko ya aina mbili. Mirefu hutokea nyota kubwa inapotitia na kuzaa shimo jeusi. Mifupi hutokea nyota mbili zilizokwisha kufa zinapogongana. Na hapa, ndugu zangu wachimbaji, ndipo dhahabu inapoingia.

NANI ALIIPANDA DHAHABU?

Nilisema kuwa moto wa nyota hupika mpaka chuma, basi. Kipande kidogo kabisa cha chuma, yaani atomu, kina protoni 26 ndani yake. Cha dhahabu kina protoni 79. Nani atakiongeza chuma mpaka kiwe dhahabu? Hakuna moto wa binadamu, hakuna dawa, hakuna ulozi unaoweza.

Tarehe 17 Agosti 2017, vyombo maalumu vya Marekani na Italia vilihisi mtikisiko mdogo uliotoka angani. Baada ya sekunde mbili hivi, satelaiti ikaona mmweko mfupi wa gama. Makumi ya darubini duniani yakageuzwa kutazama, na Swift ikiwamo. Walichokiona ni nyota mbili za nyutroni zilizogongana, mahali ambapo mwanga wake umesafiri miaka milioni 130. Katika mgongano ule vipande vya nyutroni vilimiminika ndani ya atomu kwa kasi, atomu zikanenepa, zikawa vitu vizito. Mwanga wake ulionyesha hivyo. Wataalamu walikadiria kuwa mgongano ule mmoja ulitoa dhahabu yenye uzito kuliko dunia yetu nzima.

Basi sikieni jibu. Dhahabu ya Kang'ata, ile ya kilima cha Magambazi, na pete iliyo kwenye kidole cha bibi harusi, ilitengenezwa katika milipuko ya namna hiyo, kabla dunia haijakuwapo. Ilitupwa angani kama vumbi. Dunia ilipojikusanya, miaka kama milioni 4,500 iliyopita, vumbi hilo likachanganyika humo. Baadaye sana, maji ya moto kutoka chini ya ardhi yaliyeyusha dhahabu kidogo kidogo na kuipandisha kwenye nyufa za miamba. Maji yakapoa, dhahabu ikabaki pamoja na lile jiwe jeupe mnalolijua.

Aliyeipanda si jini wala mzimu wa mlima. Nayo haihami usiku. Mwamba ukikatika ghafla, ni kwa sababu ardhi ilivunjika na kusogea zamani za kale, na kipande cha pili kiko pembeni au chini. Huo ni mvunjiko wa mawe, haukusikia jina la mtu.

MATIMBA AU MBUZI?

Nitawaambia jambo langu mwenyewe. Mimi nami nilichimba. Tulikuwa watu sita katika duara moja, si hapa. Tulifika mita kama 15, tukaona dalili, kisha dalili zikapotea. Tukaenda kwa mganga. Akasema mlima una kiu. Tukauza mahindi, tukanunua mbuzi wawili weusi, na fedha iliyobaki tukampa yeye. Fedha ile tulikuwa tumeiweka ya kununua matimba ya kuzuia kuta za duara. Wiki ya tatu mvua ikanyesha. Ukuta ukaporomoka. Mwenzetu mmoja alivunjika mguu na nyonga, na mpaka leo anatembea kwa gongo. Dhahabu hatukuipata.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Duara lilikuwa sawa na tanuri la mkaa, sawa na nyota ile niliyowaeleza. Kuna uzito unaotaka kushuka, na kuna kitu cha kuuzuia. Kitu kile kikiondoka, panaporomoka. Uzito haujui kafara. Unajua matimba.

Na kuna mabaya kupita ya mbuzi. Katika nchi yetu, ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu mtu alidanganywa kuwa kiungo cha binadamu kitamletea dhahabu. Jamani! Dhahabu iliyotengenezwa kabla ya jua kuwaka, itamtambua nani kwa damu ya mtoto? Anayekwambia maneno hayo ni mwongo na ni mwuaji. Ukisikia, mpeleke kwa Mtendaji, mpeleke polisi, siku ile ile.

Jambo la pili. Mahindi ukiyavuna, mwakani unapanda tena. Muhogo unakata shina unachomeka, unaota. Dhahabu haioti. Iliyochimbwa imekwisha, na nyota haitagongana hapa ituletee nyingine. Kwa hiyo kila gramu inayotoka Kang'ata inatoka mara moja tu. Ikigeuka pombe, ndiyo basi. Ikigeuka bati, ng'ombe, au ada ya mtoto, itaendelea kuzaa hata mwamba ukiwa mtupu. Na mtoto huyo mahali pake ni darasani. Asishushwe duarani.

Jambo la tatu na la mwisho. Chombo kile cha mwaka 1970 kilikuwa na jina letu na kiliondoka pwani yetu, lakini walioisoma habari yake walikuwa wageni. Sisi tulitoa bahari na jina. Siyo vibaya kwa kuanzia. Lakini Kenya sasa imekwisha kuwa na satelaiti yake, Taifa-1, iliyorushwa mwaka 2023. Namibia kuna darubini kubwa za miale ya gama, na Afrika ya Kusini kuna nyingine za kusikiliza mawimbi ya angani. Kwa nini mtoto wa Handeni asiwe mmoja wa wanaosoma habari hizo? Anahitaji hesabu, na anahitaji mzazi asiyemwambia kuwa hesabu haziliwi. Sisi tuliojifunza kusoma tukiwa na mvi tunajua uchungu wa kuchelewa. Tusiwacheleweshe wao.

Leo mkitoka hapa, msiwashe tochi mara moja. Simameni kidogo gizani, mtazame juu. Halafu, mwenye pete aitazame pete yake.



MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini nyota kubwa huporomoka mwishoni mwa maisha yake? Elezeni kwa mfano wa tanuri la mkaa.
2. Kwa nini shimo jeusi haliwezi kuimeza dunia yetu?
3. Satelaiti ya Uhuru ilirushwa wapi, lini, na kwa nini ilipewa jina hilo?
4. Dhahabu ilitengenezwa wapi? Je, inaota tena ikichimbwa?
5. Katika kijiji chenu, ni fedha kiasi gani iliyotumika mwaka uliopita kwa kafara, na ni kiasi gani kwa usalama wa wachimbaji? Jadilini, mwandike mtakaloamua.